Tarehe Aliyokufa Gwenole

Shangazi Barba, kama kisiwa kizima kinavyomwita, hakuniomba, aliniamuru. Alikuwa kitandani, mito imerundikwa nyuma ya mgongo kwa sababu moyo wake haukumruhusu tena kulala chali, akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu yasiyo na haya.

"Tudi, wewe huna kazi. Nenda bara ukaniletee tarehe aliyokufa kaka yangu."

"Ninayo kazi, Shangazi."

"Kazi gani? Kukaa dirishani na kusimamia mvua?"

Jikoni, jirani yake Herveline, aliyekuwa akimkaangia chapati za maji, alicheka kwa sauti ili nisikie vizuri. Mwanamke huyo hajakosa nafasi ya kunicheka tangu tulipokuwa shuleni, na sasa sote tuna mvi.

Kweli sikuwa na kazi. Maisha yangu yote nilikuwa mpishi kwenye meli za mizigo, nimewalisha mabaharia kutoka Dunkerque mpaka Valparaiso, halafu mgongo ukanikatalia, nikarudi kisiwani kwetu, pembeni mwa Ufaransa, kuishi kwa pensheni. Na kisiwani kwetu mwanamume ambaye hayuko baharini hajulikani awekwe wapi. Wanawake ndio waliolima viazi, waliochunga kondoo, waliojenga kuta, waliozika. Sisi tulikuwa tukija kama wageni, tunaacha mimba, tunaondoka. Kwa hiyo mwanamke wa huku akikuagiza, unachukua kofia yako.

Kisingizio cha safari kilikuwa jiwe la kumbukumbu. Mwaka ule wa 1978 halmashauri iliamua kuchonga upya majina ya vijana wetu waliouawa katika vita vya kwanza vya dunia, na kila jina lipewe tarehe. Kila mmoja alikuwa na tarehe yake isipokuwa Gwenole Malgorn. Karatasi zake pale ofisini zilikuwa zimeliwa na unyevu, na karani, kijana wa kutoka bara, alipendekeza waweke jina tupu. Herveline alimjibu kwamba jina tupu aweke kwenye kaburi la mama yake.

Lakini jiwe halikuwa shida ya Shangazi Barba. Nilipovuta kiti karibu na kitanda chake ndipo aliponiambia shida yenyewe.

"Unajua kwamba tulimrudisha nyumbani," alisema.

Najua. Kisiwa kizima kinajua. Wanaume wetu hufia mbali, baharini au vitani, maiti haipatikani, na sisi hatuwezi kukaa na mtu ambaye hajafa wala hajarudi. Basi tunatengeneza msalaba mdogo wa nta, urefu wa kidole, tunaulaza juu ya kitambaa cheupe mezani kwake, tunawasha mishumaa, tunaukesha kama maiti. Asubuhi padre anakuja, unabebwa kanisani kwa maandamano, unasomewa misa ya wafu. Hiyo ndiyo kumrudisha mtu nyumbani. Baada ya hapo mjane yuko huru, mama anavaa nyeusi, na mambo yamekwisha. Mtu akisharudishwa, amerudi. Harudi mara mbili.

Gwenole alikuwa na miaka ishirini. Alipotea Verdun, mwezi wa Novemba 1916. Mwenzake wa kikosi kimoja, kijana wa kijiji cha pili, alikuja likizo akaeleza kwamba bomu lilianguka mahali alipokuwa amesimama, ardhi ikamfunika, na walipochimba walipata kofia yake tu. Perrine, mama yake, hakutaka kungoja barua ya serikali. Padre alimsihi asubiri kidogo. Perrine alimjibu kwamba mtu ambaye hajawahi kuzaa anyamaze. Kabla ya Krismasi msalaba ulikuwa umeshabebwa.

"Sasa sikiliza," Shangazi Barba alisema. "Mwezi wa Machi uliofuata, ukungu mzito, mchana. Nina miaka minane. Mama anamenya viazi, mimi nawasha moto. Mlango unagongwa. Natazama dirishani, namwona. Kichwa chote cheupe, amefungwa vitambaa kama wanavyofungwa maiti, macho tu. Akaniita. Sauti haikuwa yake, ilikuwa sauti ya mtu aliyemeza mchanga, lakini aliniita Barbaig. Hakuna mwingine duniani aliyeniita hivyo."

"Mama yako alifanya nini?"

"Alisukuma komeo. Akanipigisha magoti. Akaniambia niombee roho ya kaka yangu, nisimtazame, kwa sababu ameijia roho nyingine ya kwenda nayo, na anayependwa ndiye anayechukuliwa. Tukasali. Aligonga, akagonga, akaacha."

Katika nyumba za huku hukosi hadithi ya marehemu aliyekuja kuota moto, na huwa nazisikiliza huku nikifikiria chakula cha jioni. Hii sikuweza.

"Sasa unaelewa ninachotaka," alisema. "Kama alikufa Novemba, yule wa Machi alikuwa roho, na mimi na Mama tulifanya linalofanywa. Kama alikufa baadaye, basi tulimfungia mlango mtu. Nimeishi na jambo hili miaka yote, Tudi. Sikuolewa kwa sababu yake. Sitaki kwenda kukutana naye huko bila kujua."

"Alikufa Novemba, Shangazi. Mlimkesha."

"Mkesha si cheti," alisema. "Nenda."

*

Nilipiga simu ofisi ya wapiganaji wa zamani, nikahamishwa kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, kila mmoja akinishauri niandike barua. Mwishowe msichana mmoja mwenye huruma, au aliyechoka kunisikia, akanitajia makaburi ya jeshi huko Aisne na safu ya kaburi. Tarehe, alisema, iko kwenye msalaba wake. Nilikata simu kabla sijashangaa. Ni baadaye, nikiwa kwenye treni, nilipojiuliza kijana aliyefukiwa Verdun amefikaje Aisne, mkoa mwingine kabisa. Nikajiambia kwamba jeshi linalopoteza watu wakiwa hai haliwezi kushindwa kuwapoteza wakiwa wafu.

Aisne ni nchi ya viazisukari. Matope, viazisukari, anga imeshuka mpaka kwenye paa za magari. Mimi ni mtu wa bahari, nikiwa mbali nayo hivyo napumua vibaya. Mlinzi wa makaburi alinionyesha njia kwa kidevu, mikono yake ikiwa mfukoni, na nikaenda nikipita kwenye misalaba ile ya zege, nikisoma majina ya wavulana. Usiulize ni wangapi. Unatembea na bado wapo.

Wake ulikuwa mwishoni mwa safu, karibu na uzio. Malgorn, Gwenole. Amekufa kwa ajili ya Ufaransa. Julai 1917.

Nilisoma mara nyingi kama mjinga. Nilikwangua ukungu wa kijani kwa ukucha, nikitumaini chini yake pana mwezi mwingine. Hapakuwa na mwezi mwingine. Kisha nikakaa kwenye nyasi zilizolowa, nikatoa mkate na siagi niliyobeba, nikala, kwa sababu njaa haina adabu, nikamtukana Gwenole kwa sauti. Nikamwambia, wewe mpumbavu, kwa nini hukufa Novemba kama walivyosema? Halafu nikamwomba radhi. Mlinzi alikuwa akinitazama kutoka langoni, na nadhani alishawazoea watu wa namna yangu.

Bado nilikuwa na tumaini. Niliporudi kwenye treni nilijitetea kama wakili. Huenda ni Malgorn mwingine. Kisiwani kwetu ukirusha jiwe unampiga Malgorn. Huenda walimpata Julai tu, wakaandika tarehe ya kumpata. Huenda karani alikuwa amelewa. Nilikuwa nikiendelea vizuri kabisa mpaka wazo moja liliponijia na kuniharibia safari: roho haipandi meli. Mtu hupanda. Kama Gwenole alifika kisiwani Machi akiwa na mwili, basi alifika kwa stima ya kutoka Brest, bandari ya bara, kwa maana hapakuwa na njia nyingine, na kuna mtu aliyemshika mkono akishuka.

Na mimi nilimjua mtu huyo. Jos Ticos alikuwa baharia wa stima ile wakati wote wa vita. Jeshi lilimkataa kwa sababu ya mguu wake mfupi. Alikuwa bado hai, kwenye nyumba ya mabaharia wazee pale Brest, na watu wa kisiwani walikuwa wakisema kifo nacho kimemkataa.

*

Nilimkuta kwenye ukumbi akicheza karata peke yake na kujiibia.

"Wewe ni yule mpishi," alisema. "Mtoto wa Soazig. Nasikia ulimtilia sumu nahodha mmoja huko Dakar."

"Alikula chaza wabovu, Mzee Jos. Mwenyewe. Nilimkataza."

"Wapishi wote husema hivyo. Umeniletea nini?"

Nilimpa chupa ndogo ya rumu, akaificha ndani ya sweta kwa wepesi wa kijana. Nikamwambia Shangazi Barba ni mgonjwa. Nikamwambia nimetoka Aisne na nilichokisoma huko. Aliacha karata. Alitazama dirishani, kule bandarini, na uso wake ukawa wa mzee kweli.

"Nilidhani nitakufa kabla hamjauliza," alisema.

"Ulimvusha?"

"Nilimvusha. Kwenda na kurudi."

Alinieleza bila haraka. Asubuhi ile ya Machi askari mmoja alipanda Brest, kichwa kimefungwa bandeji, mikono imefungwa bandeji. Gesi ilikuwa imemchoma koo na moto ukamchoma uso. Alichimbwa kutoka ardhini na kikosi kingine, akapelekwa hospitali moja kisha nyingine, muda mrefu hajui hata jina lake. Lilipomrudia jina, vidole havikuweza kushika kalamu, naye hakutaka muuguzi amwandikie mama yake mambo ya uso wake. Alitaka afike mwenyewe.

"Alinitambua kabla sijamtambua," Jos alisema. "Akaniambia, Jos, bado unachechemea? Hapo nikajua ni yeye. Nusura nijirushe majini. Mimi nilikula kwenye mkesha wake, unaelewa? Nilibeba mshumaa."

"Hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Karibu, tumekuzika? Nilisema nitamwambia tukikaribia. Tukakaribia, ukungu, kazi nyingi, sikumwambia. Nikajiambia mama yake atamwona, atalia, yataisha."

"Na bandarini?"

"Bandarini walikuwepo wanawake wanasubiri unga. Walimwona anashuka kwenye ngazi. Sijapata kusikia kimya kama kile. Mmoja akajifanyia ishara ya msalaba, wote wakafuata. Wakavuta watoto ndani. Baba yake wa ubatizo alikuwepo, yule yule ambaye, kwa desturi yetu, alitumwa kugonga dirisha la Perrine kumpa habari ya kifo baada ya yule askari wa likizo kusimulia. Gwenole akamwita. Yule mzee akageuka nyuma akaondoka, si kwa kukimbia, polepole, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Gwenole akanitazama mimi. Nikajifanya nafunga kamba."

Jos alitoa rumu, akanywa, akairudisha.

"Stima ilikuwa inangoja maji yajae irudi. Hata hatujamaliza kupakua, nikamwona anatoka kwenye ukungu. Akaja akakaa juu ya magunia ya viazi. Hapo ndipo nilipomwambia. Nikamwambia walikurudisha nyumbani, Gwenole, kabla ya Krismasi. Unajua alifanya nini? Alicheka. Ilikuwa vibaya kumsikia akicheka na koo lile. Akauliza, walipika nini?"

"Alikuuliza walipika nini?"

"Nikamwambia kondoo, na mkate, na kahawa yenye kitu kidogo ndani. Akasema, wakati wa vita hivi, kondoo? Basi walinipenda. Akauliza nani alilia sana. Nikamwambia Barba, yule mdogo, ilibidi atolewe nje. Halafu nikamwambia, twende, nakwenda na wewe, tutavunja mlango, mama yako akikugusa atajua. Akasema, Mama ameniona, Jos. Tumetazamana kwenye kioo cha dirisha. Amenitazama vizuri."

"Alitaka kusema nini? Kwamba alimtambua?"

"Mimi nitajuaje? Yeye mwenyewe hakujua. Ndicho kilichommaliza." Jos alifuta mdomo kwa kiganja. "Alikuwa na likizo bado, siku za kutosha. Hakutaka kukaa Brest, hakutaka kukaa kwangu. Alisema anarudi kikosini, kule angalau wanamhesabu kila asubuhi."

Nilimwuliza tu kwa nini hakuwaambia watu baadaye, na nilimwuliza kwa ukali.

"Usinipandishie sauti, mpishi. Niliwaambia! Nilimwambia nahodha, akasema nikirudia maneno hayo hatanipakia tena, nani atapanda stima inayovusha wafu? Nilimwendea padre, akasema atalifikiria. Akafikiria mpaka Agosti. Agosti ikaja barua ya serikali kwamba Gwenole ameuawa Aisne. Meya akavaa tai yake akaenda kwa Perrine. Nilikuwa nimemletea Perrine makaa, nilisikia. Meya anasema, kwa uchungu mkubwa. Perrine hakumwacha amalize. Akasema, huyo tulishamzika. Akamfungulia mlango atoke."

"Basi hivyo tu?"

"Hivyo tu. Padre naye akasema misa imeshasomwa, na mtu ana msalaba mmoja. Na kwa kweli, Tudi, baada ya hapo ukweli ungefaa nini? Angalau sasa alikuwa amekufa kweli. Watu walipumua. Mimi pia nilipumua. Hilo uliandike kama unaandika."

Sikuwa naandika. Nilimwacha na karata zake. Mlangoni aliniita.

"Barba anataka kujua tarehe tu, sivyo? Hataki mengine?"

"Tarehe tu."

"Basi mpe Novemba," alisema. "Alikuwa mtoto wa miaka minane! Mpe Novemba, afe kwa amani."

*

Njia nzima ya kurudi niligombana na nafsi yangu. Upepo ulikuwa wa magharibi, stima iliruka, watalii walitapika kwenye mifuko na mimi nilisimama nje kwa sababu ndani kulinukia kahawa iliyoungua na sipendi kuona kazi yangu ikifanywa vibaya. Nilijiambia mwanamke huyu ameomba ukweli, ana haki nao, si mtoto. Nikajiambia tena kwamba ana wiki chache, labda si wiki, na ukweli huu hauna matumizi yoyote. Hauwezi kumfungulia Gwenole mlango. Hauwezi kumwadhibu mtu. Wote waliokuwa bandarini wako makaburini, isipokuwa mzee mmoja anayejiibia karata. Ukweli wa namna hiyo unamfaa nani? Unanifaa mimi, niweze kulala. Na mimi nalala vizuri tu.

Tulipopita mnara wa taa nilikuwa nimeamua. Ningesema Novemba. Nilifanya hata mazoezi, midomo ikinong'ona, mpaka mtalii mmoja akadhani nasali kwa sababu ya mawimbi akaanza kusali na yeye.

Herveline alinifungulia. Alikuwa amelia, na alikasirika kwamba nimeona.

"Umechelewa," alisema. "Tangu jana anauliza kila anaposikia sauti ya mguu. Una habari nzuri?"

"Nzuri."

"Usinidanganye, Tudi. Una uso wa mtu aliyeunguza chakula cha harusi."

"Ni mawimbi," nikasema, nikampita.

Shangazi Barba alikuwa amepungua ndani ya siku zile. Mikono yake juu ya blanketi ilikuwa mifupa na mishipa. Lakini alikuwa amevaa kilemba chake cheupe cha Jumapili, amekaa wima, amejiandaa kama mtu anayesubiri hukumu. Hakunisalimu.

"Sema."

"Novemba," nikasema. "Verdun. Alikufa siku ile ile, Shangazi, kama mlivyoambiwa."

"Umeliona kaburi?"

"Nimeliona. Liko pazuri. Pana nyasi."

"Limeandikwa Novemba?"

"Limeandikwa Novemba 1916. Nimesoma mwenyewe, nimekwangua kwa ukucha."

Alifumba macho. Nyuma yangu Herveline alisema asante Mungu, akapenga kamasi kwa aproni, akakimbilia jikoni kutengeneza kahawa. Nikahisi, nakiri, furaha kidogo, ile ya kupeleka sahani mezani ikarudi imelambwa. Nilidhani imekwisha.

"Sogea," Shangazi Barba alisema bila kufumbua macho. "Kuna jambo sikukuambia. Sijamwambia mtu, hata padre. Nilitaka kwanza uniletee tarehe."

Nikasogea.

"Mama aliniambia nisimtazame. Nikapiga magoti, nikainamisha kichwa, nikachungulia. Alikuwa ameacha kugonga. Ameegemeza uso kwenye kioo cha dirisha, na zile bandeji, anatutazama tunavyosali. Machi ile ilikuwa na baridi, unaikumbuka baridi hiyo? Huikumbuki, hukuwa umezaliwa. Basi pale penye mdomo wake kioo kilikuwa kinaingia mvuke. Kinakuwa cheupe, kinasafika. Kinakuwa cheupe, kinasafika."

Niliinama nimsikie vizuri.

"Nilikuwa mtoto wa huku, Tudi. Nilikuwa nimeshakesha na maiti, babu yangu, na mtoto wa shangazi. Niliona wakiwawekea kioo cha mkono mdomoni kuhakikisha. Nilijua maana yake vizuri kabisa. Nikamvuta Mama nguo, nikamwambia, Mama, anapumua. Nilimwambia kwa sauti, akasikia. Akatazama kile kioo. Halafu akanishika kichwa akanigeuza ukutani, akaniambia, kaka yako amekufa Novemba."

Kutoka jikoni nilisikia vikombe, na Herveline akiimba kidogo kwa furaha.

"Kwa hiyo nilikutuma," alisema. "Nilisema labda niliona vibaya. Nilikuwa mdogo, pana moshi, pana ukungu. Tarehe ikiwa Novemba basi niliona vibaya." Alifumbua macho akanitazama, na nikaona kwamba hakuwa ameniamini hata kidogo, tangu nilipovuka mlango. "Mama naye alisema hivyo hivyo. Sauti hiyo hiyo. Alikuwa amejiandaa."

"Shangazi..."

"Usiniambie mwezi mwingine," alisema haraka, akanikamata mkono kwa nguvu nisizojua zimetoka wapi. "Usinitajie. Sema tena ule ule."

"Novemba," nikasema.

"Tena."

"Novemba, Shangazi. Alikufa Novemba."

Kila niliposema alitikisa kichwa, taratibu, kukataa, na kila alipokataa alinibana mkono niseme tena. Tulikuwa bado tunaendelea hivyo Herveline alipoingia na kahawa.